Mshahara mnono au hifadhi ya jamii: anza na hesabu ya mwaka mbaya

Swali: *Shikamoo mshauri. Nina miaka 34, ni mhandisi wa programu, na nimepata kazi mbili kwa mpigo. Moja iko Munich, Ujerumani. Nyingine iko Austin, jimbo la Texas, Marekani, kwa viza ya kazi ya H-1B, inayofungwa na mwajiri. Mshahara wa Munich ukiuhesabu kuwa 100 kwa mwaka, wa Austin ni 220, na ndani ya hizo 220 kuna 50 ambazo ni hisa za kampuni zitakazotolewa kidogo kidogo kwa miaka minne. Baada ya makato, Munich nitabaki na kama 64 mkononi, Austin kama 172. Mke wangu ni mfamasia, ana mimba ya miezi minne, na tuna mtoto wa miaka mitatu. Akiba yetu inatutosha miezi mitatu. Lengo langu ni kufikia uhuru wa kifedha nikiwa na miaka 45. Rafiki zangu wananicheka kwamba nafikiria 64 mbele ya 172. Mke wangu anasema akiiwaza Austin usingizi unakatika. Nisikilize nani?*

Marahaba, mdogo wangu. Nakushukuru kwa kuniwekea namba, maana wengi huniletea swali hili kama ubishi wa siasa na tunamaliza saa nzima bila kuhesabu chochote.

Nianze na lengo lako, kwa sababu ndilo linalokusukuma kwenda Austin, na nina wasiwasi hujalipigia hesabu mpaka mwisho.

Kipimo kinachotumiwa sana katika mambo ya uhuru wa kifedha ni hiki: ukiwa na mali iliyowekezwa inayofika mara 25 ya matumizi yako ya mwaka, unaweza kuishi kwa kuchota asilimia 4 kila mwaka. Kanuni hiyo ilitokana na kazi ya mshauri wa fedha wa California, William Bengen, aliyechapisha hesabu zake mwaka 1994. Alipima historia ya masoko ya Marekani na kuuliza mstaafu angeweza kuchota kiasi gani bila fedha kumwishia ndani ya miaka 30. Miaka 30, zingatia hapo. Ukistaafu na miaka 45, fedha zako zinatakiwa zidumu 45 au 50. Lakini tuiache kanuni kama ilivyo, nikupe nafuu ya hesabu.

Una miaka 11. Tuseme unaanza na sifuri, na uwekezaji wako unaleta asilimia 5 kwa mwaka baada ya kutoa mfumuko wa bei, jambo ambalo ni la matumaini lakini si la kuota. Ili ufike mara 25 ya matumizi yako ndani ya miaka 11, lazima uweke akiba kama 64 katika kila 100 inayoingia mkononi. Ya Austin ni 172. Asilimia 64 yake ni 110. Umebaki na 62 za kuishi watu wanne kwa mwaka mzima. Sasa toa humo sehemu yako ya bima ya afya ya familia pamoja na akiba ya kulipia matibabu ambayo bima haigusi: weka 20. Toa malezi ya watoto wawili wakati wewe uko kazini na mkeo darasani: weka 25. Toa bima ya maisha na bima ya ulemavu: 4. Umebaki na 13 za kulipia nyumba, chakula, gari na nguo. Haiwezekani. Kwa hiyo hata huko kwenye fedha nyingi, uhuru wa miaka 45 haupo katika namba ulizoniletea.

Kilichopo ni hiki. Ukijitahidi kuweka 40 katika kila 100 ukiwa Austin, utafika baada ya miaka 21 na ushee, yaani ukiwa na miaka 55 au 56. Hilo ni jambo kubwa na silidharau. Munich, kwa mshahara wako peke yako, ukiweka 25 katika kila 100 utahitaji miaka kama 32, ambayo inakufikisha karibu na umri wa kawaida wa pensheni ya huko, miaka 67. Mkeo akiingia kazini na mkapandisha akiba, mtafika mwanzoni mwa miaka ya sitini, na mlima wenyewe utakuwa mfupi kidogo kwa sababu pensheni ya umma itabeba sehemu ya matumizi ya uzeeni. Basi tofauti halisi ya kazi hizi mbili, mambo yakienda vizuri, ni miaka kati ya sita na kumi ya kufanya kazi zaidi. Hiyo ndiyo bei ya hifadhi unayoipima. Sasa tuangalie inanunua nini.

Kuna mama mmoja, mteja wangu wa miaka mingi, mchoraji ramani za majengo, anayefanya kazi Ujerumani. Kwa miaka sita mfululizo kila tulipoonana alikuwa analalamikia hati yake ya mshahara. Aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu: pensheni, asilimia 18.6 anayogawana na mwajiri; afya, asilimia 14.6 na nyongeza ya mfuko wake, nayo nusu kwa nusu. Ukosefu wa ajira, asilimia 2.6, kisha matunzo ya wazee na wagonjwa wa muda mrefu. "Wananikamua," alikuwa anasema. Mwaka wa saba akapata saratani ya titi. Wiki sita za kwanza mwajiri alimlipa mshahara kamili, kama sheria inavyomtaka. Baada ya hapo mfuko wa afya ukaanza kumlipa asilimia 70 ya mshahara wake kabla ya makato, bila kuzidi asilimia 90 ya kile alichozoea kupokea mkononi. Malipo hayo, ukijumlisha na zile wiki sita za mwajiri, yanaweza kwenda hadi wiki 78 kwa ugonjwa uleule. Hospitali alilipa euro 10 kwa kila siku ya kulazwa, na sheria inaweka kikomo cha siku 28 kwa mwaka. Alikaa nje ya kazi miezi 14. Aliporudi ofisini kwangu alikuwa na karatasi moja aliyoikunja mara nne: upande mmoja ameandika alichoichangia mifuko hiyo kwa miaka sita, upande wa pili alicholipiwa nayo kwa miezi 14. Hatukumaliza kujumlisha. Aliikunja tena akairudisha kwenye mkoba.

Mteja wangu mwingine alikuwa Marekani, mshahara wake unafanana na wako wa Austin. Mwanawe alizaliwa kabla ya siku zake na kukaa wiki kadhaa kwenye chumba cha uangalizi maalumu. Alinitumia picha ya meza yao ya chakula: bahasha zenye dirisha la plastiki, zimepangwa mafungu matatu, na juu ya fungu moja barua zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwamba hii si bili. Zile ni taarifa za bima zinazoeleza imelipa nini na imekataa nini; bili yenyewe huja baadaye, kutoka kwa daktari mmojammoja. Alikuwa na bima nzuri. Alilipa kila kitu, na alikuwa na uwezo wa kulipa. Kilichomvunja, alivyoniambia, ni kwamba kila asubuhi kabla ya kwenda kumwona mtoto alikuwa kwenye simu akisubiri mtu wa bima, na wiki ya pili alirudi kazini kwa kuogopa kumaliza siku zake za likizo.

Sikusimulii haya ili nikutishe. Nakuonyesha kwamba hifadhi ya jamii na mshahara mkubwa vinafanya kazi kwa nyakati tofauti. Mshahara mkubwa hujenga ngome taratibu, na ngome hiyo huwa imara baada ya miaka 10 au 15. Hifadhi ya jamii ina nguvu mapema, wakati huna kitu. Wewe leo una akiba ya miezi mitatu. Ukiwa na miaka 52 na mali mara 18 ya matumizi yako, unaweza kuachishwa kazi ukacheka. Mwaka wa pili huwezi. Kwa hiyo swali ninalomwuliza kila mtu aliye mahali pako ni hili: likitokea baya kabla ngome haijasimama, nani anashika?

Tuchukue baya la kwanza, la kawaida kabisa kwenye fani yako: kupunguzwa kazi. Tuseme ni mwezi wa 20.

Munich, ukiwa umechangia angalau miezi 12 ndani ya miezi 30, unastahili fao la ukosefu wa ajira. Mwenye mtoto hupata asilimia 67 ya mapato yake ya mkononi, asiye na mtoto asilimia 60. Kwa miezi 20 ya michango utalipwa miezi 10, na bima ya afya ya familia nzima inaendelea. Zaidi ya hapo, kampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 10 haiwezi kukuondoa baada ya miezi sita ya mwanzo bila sababu inayokubalika kisheria.

Austin unaweza kuachishwa leo jioni bila sababu yoyote, ndivyo ajira ilivyo karibu kote Marekani. Bima ya afya unaweza kuiendeleza kwa sheria ya COBRA hadi miezi 18, lakini sasa unalipa wewe sehemu yako na ile ya mwajiri, hadi asilimia 102 ya gharama yote. Hisa ambazo hazijafikia tarehe yake zinayeyuka. Na kuna jambo ambalo rafiki zako raia wa kule hawalijui kwa sababu haliwagusi: mwenye H-1B akipoteza kazi ana hadi siku 60 za kupata mwajiri mwingine, kubadili hadhi ya ukaazi au kuondoka nchini. Siku 60, mkiwa na mtoto mchanga, mkataba wa nyumba na akiba ya miezi mitatu. Mtu anaweza kukwambia soko la kazi Austin ni zuri. Ni zuri mpaka kampuni zote zinapopunguza watu kwa wakati mmoja, na kwenye fani yako ndivyo zinavyofanya.

Baya la pili ni ugonjwa wako mwenyewe. Ujerumani nimeshaeleza. Marekani hakuna sheria ya shirikisho inayomlazimisha mwajiri binafsi kukulipa ukiwa mgonjwa. Ipo sheria ya mwaka 1993 inayokulindia kazi kwa wiki 12 bila malipo, kwa kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi, na lazima uwe umefanya kazi hapo miezi 12. Waajiri wazuri hujaza pengo hilo kwa bima binafsi ya ulemavu wa muda mfupi na mrefu. Wengine hawajazi. Ndiyo maana kipengele hicho kwenye mkataba wako nakitaka kabla ya chochote.

Na sasa mimba ya mkeo. Hapa niwe mkweli pande zote mbili. Ukienda Austin, mtoto atazaliwa kabla hujatimiza mwaka kazini, kwa hiyo hata zile wiki 12 zisizo na malipo huna haki nazo kisheria. Utategemea huruma ya sera ya kampuni. Bima haiwezi kumkataa mkeo kwa sababu ya mimba, sheria ya mwaka 2010 iliziba mlango huo, na inaweka kikomo cha kile mnachoweza kutozwa kwa mwaka ndani ya mtandao wa hospitali za bima yenu. Kwa mwaka 2025 kikomo cha familia kilikuwa dola 18,400. Kaa na hiyo namba kichwani, maana mwaka wa kujifungua mnaweza kuikaribia.

Munich mkeo na watoto wataingia kwenye bima yako ya umma bila mchango wa ziada, ilimradi yeye hana kipato chake. Lakini usidhani utapata posho kamili ya wazazi. Posho hiyo, Elterngeld, hukokotolewa kwa mapato ya miezi 12 kabla ya mtoto kuzaliwa yaliyotozwa kodi huko. Mshahara wako wa sasa wa nje ya Umoja wa Ulaya hauhesabiwi. Mtapata karibu na kima cha chini, euro 300 kwa mwezi, wakati mtu aliyekwisha kufanya kazi huko mwaka mzima angepata asilimia 65 hadi 67 ya mapato yake, mwisho euro 1,800. Pensheni nayo inakudai angalau miaka mitano ya michango kabla haijawa haki yako. Watu huzungumza kana kwamba ukishuka tu uwanja wa ndege umeshafunikwa blanketi. Sivyo. Afya huanza mara moja. Mengine unayajenga mwezi kwa mwezi.

Rafiki zako watakujibu hivi, na hoja yao ina uzito: ukiwa na fedha nyingi, si unanunua mwenyewe hiyo hifadhi? Nilikuwa kwenye bima miaka tisa kabla ya kuanza ushauri, na jibu langu ni kwamba unanunua nusu. Bima ya maisha ya muda maalumu inanunulika, na kwa mtu wa miaka 34 ni rahisi. Bima ya ulemavu inanunulika ukiwa bado mzima. Akiba ya dharura unajiwekea. Lakini jaribu kutafuta kampuni itakayokuuzia bima nzuri ya kufukuzwa kazi, au ya mtoto atakayehitaji matunzo maisha yake yote, au ya fani yako kupitwa na wakati. Hutaipata, au utapata karatasi yenye masharti mengi kuliko malipo. Mchumi Kenneth Arrow alilieleza tatizo hili kwa upande wa tiba mwaka 1963, na wachumi wenzake Rothschild na Stiglitz wakaonyesha mwaka 1976 kwa nini soko la bima hukwama: anayejua hatari yake ni kubwa ndiye anayekimbilia kununua, bei inapanda, mwenye hatari ndogo anakimbia. Njia mojawapo ya kukwamua ni kuwaingiza watu wote kwa lazima. Ndiyo maana mifuko hii ni ya lazima, tangu ile ya Ujerumani ya mwaka 1883 iliyoanza na wagonjwa.

Upande wa pili wa ukweli nao usikwepwe. Ahadi za serikali si mwamba. Ujerumani hiyohiyo, kwenye mageuzi ya soko la ajira yaitwayo Hartz ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, ilifupisha muda wa fao la ukosefu wa ajira na kufuta msaada uliokuwa ukifuata baada yake. Mwaka 2007 ikapitisha sheria ya kupandisha umri wa pensheni kutoka 65 hadi 67. Anayeweka uzee wake wote mikononi mwa mfuko mmoja wa umma anacheza kamari, hata kama haionekani hivyo. Lakini masoko nayo yana tabia zake. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 hisa za kampuni kubwa za Marekani zilishuka zaidi ya nusu. Aliyewekeza kwenye fahirisi ya hisa ya Nikkei ya Japani mwishoni mwa 1989 alisubiri hadi Februari 2024 kuiona ikirudi pale ilipokuwa. Anguko kama hilo likikukuta mwaka wa kwanza wa kustaafu, unauza hisa kwa bei ya kutupa ili ule, na zikipanda baadaye huna tena za kupanda nazo. Anayetegemea mali yake peke yake amebeba hatari hiyo bila wa kumsaidia.

Turudi kwenye 64 na 172, kwa sababu nadhani hapa ndipo mlipopotoshana na rafiki zako.

Kwanza toa hisa. Fedha taslimu za Austin ni kama 132. Zile 40 nyingine, yaani zile 50 za hisa baada ya makato, ni karatasi ya kampuni moja, na zinategemea ubaki kazini. Kutoka 132 toa zile 20 za afya, 25 za malezi, 4 za bima, na 10 za akiba ya uzee ili angalau ulinganishe na pensheni ambayo Munich imeshakatwa. Zinabaki 73. Munich toa 4 za malezi: mtoto akifikisha mwaka mmoja ana haki ya kisheria ya kupata nafasi kwenye kituo, tangu Agosti 2013, ingawa Munich penyewe mtahangaika kuipata. Zinabaki 60. Yaani mlikuwa mnalinganisha 64 na 172, kumbe fedha mnazoishi nazo ni 60 na 73, na juu ya hizo 73 kuna hisa 40 ukidumu.

Bado kuna mke wako. Mwenzi wa mtu mwenye Blue Card ya Ujerumani, kibali cha kazi cha wataalamu kutoka nje ambacho ndicho ungepata Munich, ana ruhusa ya kufanya kazi yoyote tangu siku anapopewa kibali. Mwenzi wa mwenye H-1B, kwa kawaida, haruhusiwi kufanya kazi mpaka maombi yenu ya ukaazi wa kudumu yafike hatua fulani, na hilo linategemea mwajiri wako ameyaanza lini. Mfamasia hataingia kwenye famasia ya Ujerumani kesho. Lazima vyeti vyake vitambuliwe na Kijerumani chake kifike ngazi ya juu, kwa hiyo hesabu miaka miwili au mitatu. Lakini akifika, hata akileta 35 tu mkononi, nyumba yenu ina 95. Austin, kwa miaka hiyohiyo, viza inamwachia kukaa darasani tu bila kipato, na leseni yake inachakaa.

Nimeona hesabu za familia nyingi, na sijaona kinga inayoizidi mishahara miwili kutoka kwa waajiri wawili tofauti. Mmoja akianguka nyumba inayumba lakini haiporomoki. Ukimleta mkeo mahali ambapo hawezi kupata kipato, umeondoa kinga hiyo kwa mkono wako, kisha unatafuta fedha za kununua nyingine. Usingizi wake unaokatika una hesabu ndani yake, hata kama hakuiandika.

Kama ungeniandikia ukiwa na miaka 26, huna mtoto, una akiba ya mwaka mzima, ningekwambia nenda Austin, weka akiba bila huruma, jipe tarehe ya kutathmini. Nina mteja aliyefanya hivyo. Alikaa miaka tisa, akapata ukaazi wa kudumu, hakuugua, hakufukuzwa, na leo anachagua kazi anazozipenda. Sina cha kumkosoa. Na hata kwako mizani itageuka baada ya muda: watoto wakiingia shule, mkeo akiruhusiwa kufanya kazi, karatasi zenu zikitengamaa, Austin itaanza kuacha Munich nyuma kwa mbali. Tatizo lako ni miaka mitatu au minne ya mwanzo. Ndiyo miaka yenye mtoto mchanga, kipato kimoja, akiba ndogo na viza inayoning'inia kwenye kazi.

Kwa hali uliyoniletea leo, ningechukua Munich. Baada ya miezi 27 kwa Blue Card, au 21 ukifika Kijerumani cha ngazi ya kati, B1, unaweza kuomba kibali cha kudumu, na tangu hapo ukaazi wenu haumtegemei tena mwajiri. Weka 15 hadi 20 katika kila 100 kwenye mfuko wa hisa mpana wa gharama ndogo tangu mwezi wa kwanza, ili usiwe mtoto wa pensheni ya umma peke yake. Likizo ya siku 20 unayopewa na sheria itumie. Na ujue kwamba ukija kuacha kazi mapema ukiwa bado huko, bima ya afya utajilipia mwenyewe, nayo itakokotolewa pamoja na faida za uwekezaji wako. Watu wa uhuru wa kifedha husahau kipengele hicho, kisha kinawaharibia mpango wakiwa na miaka 58.

Lakini kabla hujawajibu Munich, waandikie watu wa Austin barua moja yenye mambo manne, na uwaombe wajibu kwa maandishi. Je, wanatoa bima ya ulemavu wa muda mrefu, na inalipa asilimia ngapi ya mshahara? Wataanza maombi yako ya ukaazi wa kudumu mwezi wa ngapi wa kazi? Hisa za kwanza zinakuwa zako lini, na wakikupunguza kazi kabla ya hapo unapata nini? Je, unaweza kuanza kazi baada ya mkeo kujifungua na kupona? Wakikubali ya kwanza kwa asilimia 60 au zaidi, ya pili ndani ya mwaka wa kwanza, na ya nne bila kununa, hesabu yangu inabadilika na niko tayari kuipitia upya nawe. Kusita kwao kwenye hilo la pili kutakuonyesha mkeo atakaa miaka mingapi bila kazi.

Mwonyeshe majibu hayo mkeo kabla ya kunitumia mimi.